Bandeji za kisasa za donda ndugu: ipi ununue kwanza

Kabla hujaenda duka la dawa, angalia gozi (kitambaa chepesi cha kufungia kidonda) unayobandua leo kwenye donda la mgonjwa wako. Imelowa chapachapa, ina unyevu kidogo, au imekauka ikang'ang'ania nyama? Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi upesi kuliko lililoachwa likauke. Bandeji nzuri hutunza unyevu huo bila kulowesha ngozi ya pembeni.

Chaguo langu la kwanza ni bandeji ya sponji yenye ukingo wa silikoni. Hufyonza vizuri, na ukiibandua haiondoki na ngozi nyepesi ya mzee. Isipojaa maji, hukaa siku 3 hadi 7. Wengi huona bei ya kipande kimoja wakarudi kwenye gozi, ilhali gozi mara nyingi hubadilishwa kila siku, na kila siku ni plasta mpya, maji ya chumvi mapya, nauli ya zahanati na maumivu yale yale. Piga hesabu ya wiki nzima ndipo ulinganishe. Saizi ivuke kingo za kidonda kwa sentimita 2 hivi kila upande.

Ya pili ni alginati, nyuzi nyeupe zinazotokana na mwani wa kahawia (siyo ule unaolimwa Zanzibar). Ni ya kidonda chenye shimo na maji mengi. Ijaze bila kushindilia, uifunike kwa sponji. Itageuka jeli humo ndani. Kidonda kikiwa kikavu, usiinunue, itaganda.

Haidrokoloidi, bandeji ya kunata inayogeuka ute ikikutana na maji ya kidonda, naiweka ya tatu, kwa kidonda cha juujuu chenye maji kidogo. Ukiibandua utakuta ute wa manjano unaonuka, na watu hushtuka wakidhani ni usaha. Osha kwanza kwa maji ya chumvi, kisha uangalie kidonda chenyewe. Kikiwa na maambukizi, usiifunike juu yake.

Jeli ya kupaka kidondani (haidrojeli) ni ya kidonda kikavu. Ila kisigino cheusi kilichokauka cha mwenye kisukari usikilainishe kabla daktari hajapima mzunguko wa damu.

Bandeji za madini ya fedha na za asali ni za kidonda chenye dalili za maambukizi, wiki 2 hivi, halafu muuguzi akitathmini. Asali iwe ya hospitali, siyo ya sokoni.

Pesa ikiwa haba, bora ubaki na gozi lakini ununue kiatu kinachoondoa mgandamizo kwenye unyayo wa mwenye kisukari, au bandeji ya kubana kwa donda la mguu linalotokana na mishipa ya vena (inayorudisha damu moyoni), mishipa ya ateri (inayoleta damu mguuni) ikishapimwa. Bila hivyo sponji ghali haitafua dafu. Na donda la miezi mingi ambalo kingo zake zinainuka na kukua likatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe saratani kabla hujanunua boksi jingine.