Kikokotoo cha vipimo vya nafaka vya Kiebrania: uwiano ni sahihi, lita ni za kuhojiwa

Kikokotoo ninachokihakiki hapa hutolewa bure, hufunguka ndani ya kivinjari bila kupakua chochote, na kina kazi moja tu: kubadili vipimo vya ujazo wa vitu vikavu walivyotumia Waebrania wa kale, kutoka kimoja hadi kingine, na hatimaye kuwa lita. Sikitaji kwa jina, kwa kuwa vikokotoo vya aina hii vinafanana mno, na msomaji anaweza kukipima alicho nacho kwa majaribio haya haya.

Katika uwiano wa vipimo vyenyewe, kinastahili sifa. Kori, ambayo ndiyo homeri, ni efa 10. Efa ni sea 3. Sea ni kabi 6. Kabi ni logi 4. Na logi ni ujazo wa mayai 6 ya kuku, yai likiwa ndicho kizio walichokitumia marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi. Omeri, ambayo Kutoka 16:36 inasema ni sehemu ya kumi ya efa, haikai vizuri katika mpangilio huo, kwa sababu inakuwa mayai 43.2, na programu iliyotengenezwa kwa haraka inaweza kukata sehemu hiyo ya desimali kabla ya kuzidisha. Hiki hakikuikata: omeri 10 zilirudi kuwa efa 1 kamili. Sehemu ndogo nazo hazikukipa taabu. Niliingiza robo ya kabi, kipimo ambacho katika 2 Wafalme 6:25 kiliuzwa kwa vipande vitano vya fedha Samaria ilipozingirwa, nikapata logi 1, kama inavyopaswa.

Menyu yake, hata hivyo, ni mtego. Homeri na omeri zimewekwa moja chini ya nyingine bila maelezo, ilhali homeri moja ni sawa na omeri 100. Hesabu 11:32 inasimulia kwamba aliyekusanya kware kidogo kuliko wote alipata homeri 10, ambazo kikokotoo hiki kinazihesabu kuwa lita 2,488.32; kidole kikiteleza mstari mmoja tu hadi kwenye omeri, zinakuwa lita zisizofika 25, na jibu hilo lenye kosa ndilo linaloonekana la kawaida machoni pa asiyejua. Letheki ya Hosea 3:2, ambayo kwa mapokeo ni nusu ya kori, haimo kabisa, lakini ukiandika homeri 0.5 mambo yanakwenda.

Lalamiko langu kubwa linahusu lita. Niliingiza efa 1, kadiri ya shayiri aliyoipata Ruthu kwa kuokota masazo hadi jioni (Ruthu 2:17), jibu likaja lita 24.8832. Tarakimu nne baada ya nukta, utadhani chombo chenyewe kiko mezani! Ukigawanya ujazo huo kwa mayai 432 yaliyomo katika efa, unapata mililita 57.6 kwa yai, na hapo siri inafichuka: hicho ni kiwango cha Rabi Avraham Chaim Naeh, aliyeishi Yerusalemu katika karne ya 20 na kulihesabu yai kuwa sawa na uzito wa maji wa dirhamu 18, kila dirhamu ikiwa gramu 3.2. Ni msimamo wenye hoja, lakini si msimamo pekee. Rabi Avraham Yeshaya Karelitz, anayejulikana zaidi kama Chazon Ish, alishika yai la karibu mililita 100, akifuata hoja ya Rabi Yechezkel Landau wa Prague katika karne ya 18, ambaye alilinganisha vipimo vya upana wa kidole gumba na vipimo vya mayai, akaamua kwamba mayai ya zama zake yalikuwa yamepungua hadi kufikia nusu. Kwa yai hilo, efa ile ile ya Ruthu inakaribia lita 43. Wataalamu wengi wa Biblia, kwa upande wao, hutaja takriban lita 22, wakitegemea zaidi makadirio ya vyombo vya udongo vilivyoandikwa jina la bathi, kipimo cha vimiminika ambacho Ezekieli 45:11 inakisawazisha na efa.

Juu ya hayo, Talmudi yenyewe, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, katika sehemu yake ya Eruvin 83a, inatofautisha sea ya jangwani (ya enzi za Musa) yenye mayai 144, ya Yerusalemu yenye takriban 173, na ya Sepphoris, mji wa Galilaya, yenye takriban 207. Kikokotoo kinatumia ile ya jangwani kimyakimya. Kuongeza kisanduku cha kuchagua yai na kingine cha kuchagua sea si kazi kubwa kwa mtengenezaji, na hadi hapo jibu la lita linapaswa kuandikwa kwa tarakimu mbili tu, likitanguliwa na neno "takriban".

Safu ya kilo iliyo pembeni ningeiondoa kabisa. Inatoa uzito bila kuuliza kama umeingiza ngano au shayiri, ilhali ujazo uleule wa shayiri kwa kawaida huwa mwepesi kuliko wa ngano, na unga nao hubadilika uzito kulingana na ulivyoshindiliwa. Anayehitaji kilo ni afadhali achukue lita, achague mwenyewe msongamano wa nafaka yake, kisha azidishe.