Wiki nane za kujifunza kupanga muda wa manukuu ya tamthilia za Kikorea: uzoefu wangu

Ukitazama tamthilia ya Kikorea huku unasoma manukuu, yaani yale maneno chini ya picha, ujue kuna mtu alikaa akaamua kila mstari uingie lini na utoke lini. Mtu huyo kwa kawaida siye mtafsiri. Mtafsiri hukuta vipande vimeshakatwa, kazi yake ni kujaza maneno. Mimi nimejifunza ile kazi ya kukata. Nimeisomea wiki nane kwa kujitolea, bila kulipa wala kulipwa, nikiwa Morogoro na laptopu ya mtumba.

Mtindo huu wa watu wa kujitolea kugawana kazi ya manukuu ulijulikana sana kupitia Viki, tovuti ya kutazama tamthilia iliyoanzishwa mwaka 2007 na kununuliwa na kampuni ya Rakuten ya Japani mwaka 2013. Kundi nililosoma nalo ni jingine, dogo, na sitalitaja jina kwa sababu nina malalamiko mawili matatu nitakayoyasema wazi.

Tulifundishwa kwa Aegisub, programu ya bure ambayo haihitaji kompyuta yenye nguvu. Juu unaona picha, pembeni wimbi la sauti, chini orodha ya mistari. Kwenye wimbi unabofya kushoto pale sauti inapoanza, unabofya kulia inapoishia, unasikiliza, ukiridhika unabonyeza G inakupeleka mstari unaofuata. Hayo nilijifunza jioni moja. Nikajiona nimeshafuzu, nikaomba kazi ya kwanza: dakika 10 za sehemu ya kwanza ya tamthilia. Ilinichukua saa nne na nusu, na ikarudishwa yote.

Kosa lilikuwa kwenye spika za masikioni. Nilikuwa natumia zile zisizo na waya, na hizo huchelewesha sauti kidogo. Ukisikiliza muziki hutagundua. Lakini mimi nilikuwa naamini masikio kuliko wimbi, kwa hiyo kila mstari wangu uliingia umechelewa, mdomo wa mwigizaji umeshafunguka na maneno hayajafika. Nikanunua za waya za shilingi 6,000 sokoni, nikarudia dakika zote 10. Kama unataka kuanza kazi hii, anza na hizo, na mausi ya kawaida. Kile kibao cha kugusa cha laptopu kitakuumiza kiganja.

Halafu zikaja kanuni. Mstari uingie kabla kidogo ya sauti, kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde hivi, ili jicho liwe tayari. Mistari miwili ikikaribiana sana, iunganishe isiachiane, vinginevyo maandishi yanapepesa. Picha ikikatika kwenda mandhari nyingine, mstari usivuke mkato ule kwa fremu mbili tatu (fremu ni picha moja moja zinazounda video), maana jicho hushtuka na kuanza kusoma upya mstari uleule. Tamthilia nyingi zinakwenda karibu fremu 24 kwa sekunde, yaani fremu moja ni takriban milisekunde 42. Ilinichukua wiki tatu kuanza kuziona fremu hizo mbili tatu. Sasa siwezi kuacha kuziona, hata kwenye filamu za watu wengine.

Jambo jingine lililonifurahisha ni kupata jibu la swali la miaka mingi. Wote tumewahi kupakua filamu, mwanzo manukuu yako sawa, kadiri inavyosonga yanazidi kuachana na midomo, ikifika mwisho mtu bado anasalimia na maandishi yameshamtangaza amekufa. Mara nyingi ni kwamba manukuu yalipangwa kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, wewe una ile ya 23.976. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa saa moja inafika dakika mbili na nusu. Kuyasogeza yote mbele au nyuma hakusaidii, lazima uyanyooshe yote kwa uwiano.

Lakini kilichonifanya nibaki hadi mwisho ni mstari mmoja wa wiki ya tano.

Binti anaulizwa na mama mkwe wake kama alimpenda mumewe wa kwanza. Anaanza kujibu, ananyamaza karibu sekunde mbili, kamera imetulia usoni, kisha anamalizia. Nilipanga jibu lote kama kipande kimoja, kwa sababu kwa hesabu ya kanuni lilitosha. Mkufunzi wangu, mama mmoja anayekijua Kikorea vizuri, hakuandika "kosa". Alinirekodia sauti akanifasiria neno kwa neno kwa mpangilio wa Kikorea: mimi, mtu yule, kimya, kupenda, sikufanya. Kitenzi kiko mwisho, na ukanushaji uko mwisho pamoja nacho. Kwa hiyo katika sekunde zile mbili mama mkwe hajui jibu. Mtazamaji wa Seoul hajui. Ila mtazamaji wangu anajua, kwa kuwa nimeshamwekea "Sikumpenda" mbele ya macho binti akiwa bado hajalitamka.

Na Kiswahili ndivyo kilivyo, ile "si" inakaa mwanzoni kabisa. Ukiiona silabi ya kwanza umeshapata habari yote.

Nikakata vipande viwili palepale kwenye kimya. Kijana wa Kisumu anayetutafsiria kwa Kiswahili akaandika cha kwanza "Yule mtu, mimi..." na cha pili "sikumpenda." Nilipotazama mwili ulisisimka. Kiswahili kinakubali kumtanguliza mtu, ukatulia, kisha kitenzi kikaja na kila kitu ndani yake. Kimya cha binti yule kilibaki kizima.

Tangu siku hiyo nilianza kumtumia mama yangu kama kipimo. Kikomo cha kasi ya kusoma kinachotumiwa sana ni herufi 17 kwa sekunde. Nilimkalisha mama, ambaye ni mpenzi wa tamthilia tangu enzi za ile ya Kichina ya Doudou iliyoingizwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC, nikamwekea kipande changu. Baada ya dakika akasema, "Mwanangu, mbona yanakimbia? Sijamaliza kusoma unayaondoa." Nilikuwa kwenye 16. Maneno yetu ni marefu, "hawakutuambia" peke yake ni herufi 13, na mama anasoma kwa miwani. Nikarudi, nikaongeza muda pale palipokuwa na nafasi baada ya sauti kuisha, nikashusha hadi 12 au 13. Safari hii alitazama hadi mwisho na hakuniuliza kitu isipokuwa sehemu inayofuata iko wapi.

Malalamiko sasa. Mkufunzi wangu wa kwanza alipotea wiki mbili bila taarifa, na hakuna aliyenihamisha hadi nilipoandika mara tatu. Mwongozo wote ni wa Kiingereza, mrefu, na umeandikwa kwa mtu ambaye tayari anaijua kazi. Video za mazoezi zilikuwa nzito mno. Sehemu moja ilinimalizia bando la wiki, na nilipolalamika ndipo nikaambiwa kuna nakala nyepesi, ambayo kwa kupanga muda inatosha kabisa. Wangesema siku ya kwanza. Linaloniuma zaidi ni kwamba sehemu ikitoka, mwishoni wanaandikwa watafsiri na wahariri, wapangaji wa muda hatuandikwi. Nimeshauliza. Nimejibiwa kwamba nafasi ni ndogo. Mstari mmoja wa sekunde mbili ungetosha, na mimi ningewapangia.

Hata hivyo nampa mkufunzi wangu wa pili alama zote. Alipitia mistari yangu zaidi ya 400 mmoja mmoja, na kila alipobadilisha aliniambia sababu. Kwa mtu mwenye sikio la subira, anayeweza kupata saa moja tulivu kwa siku, ningesema ajiunge. Huhitaji kujua Kikorea. Unahitaji kusikia sentensi inapoanza kushuka. Anayetafuta kipato asije, hakipo.

Wiki nane zimeisha, nimefaulu kwenye jaribio la pili, na nimepewa sehemu ya 11 niikate peke yangu. Ina mandhari ya hospitali ya dakika sita, watu wanne wanaongea kwa pamoja. Nimefika dakika ya pili.