Frieren: Hadithi Inayoanza Vita Vikiwa Vimekwisha

Watazamaji wangu, karibuni. Leo tunaichambua anime, yaani katuni ya Kijapani, ya Frieren: Beyond Journey's End, msimu wake wa kwanza wenye vipindi 28, uliorushwa nchini Japani kuanzia tarehe 29 Septemba 2023 hadi Machi 2024. Imetengenezwa na studio ya Madhouse chini ya mwongozaji Keiichirō Saitō, kutokana na manga, yaani hadithi ya picha, iliyoandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe, ambayo ilianza kuchapishwa katika jarida la Weekly Shōnen Sunday mwaka 2020. Nitaeleza kwa undani matukio ya vipindi vya mwanzo, pamoja na pambano moja la karibu na mwisho, kwa hiyo asiyependa kufichuliwa lolote na asimamishe video hapa, atazame walau vipindi vinne, kisha arudi.

Wengi wanaoisifu anime hii husema kwamba hadithi yake ni nzuri, kisha wakaongeza kwamba na picha zake ni nzuri, kana kwamba ni sifa mbili zilizokutana kwa bahati. Mimi naona ni sifa moja. Habari yenyewe ya hadithi hii ni muda: namna unavyompita mtu bila yeye kuuhisi, na namna anavyokuja kuuhisi akiwa amechelewa. Takriban kila uamuzi wa mchoraji, iwe ni kimo cha mhusika, ukungu juu ya sanamu au mwanga wa alfajiri, umefanywa ili muda huo uonekane kwa macho.

Tuanze na kipindi cha kwanza, kwa maana ndicho kinachoweka mizani ya vyote vinavyofuata. Shujaa Himmel, kasisi Heiter, mbilikimo Eisen ambaye silaha yake ni shoka, na Frieren, mchawi wa jamii ya elfi, viumbe wanaoishi miaka mingi mno kuliko wanadamu, wanarejea mji mkuu wakiwa wamekwisha kumwua Mfalme wa Mapepo baada ya safari ya miaka 10. Pambano lenyewe hatuonyeshwi. Tunaonyeshwa mapokezi, sherehe, na usiku ambao wanne hawa wanatazama mvua ya vimondo inayotokea mara moja tu katika miaka 50. Frieren anawaambia kwamba itakaporudi atawapeleka mahali panapoifaa zaidi, naye anasema hivyo kama mtu anayepanga miadi ya wiki ijayo, kwa sababu amekwisha kuishi zaidi ya miaka 1,000 na kwake safari nzima ile haifikii hata sehemu moja ya mia ya umri wake. Anaagana nao na kuondoka. Miaka 50 inapita katika muda mfupi sana wa picha, na anaporudi anamkuta Himmel amekuwa mzee mfupi, mwenye upara na ndevu nyeupe. Wanaitazama mvua ile pamoja, wote wanne, kisha Himmel anafariki. Ni mazikoni, mbele ya watu walioanza kumnong'ona kwamba hana huzuni, ndipo Frieren anapolia, akitambua kwamba alisafiri na mtu huyu miaka 10 wala hakujishughulisha kumjua.

Yote hayo ni kipindi kimoja. Katika anime nyingine ya aina hii yangekuwa mwisho wa msimu wa tatu, yakisindikizwa na kilio cha nusu saa. Saitō anayapitisha kwa utulivu, bila kumlazimisha mtazamaji kuhuzunika, na kuanzia hapo maandishi ya skrini yanayotujulisha tuko wakati gani hayafuati kalenda ya mfalme yeyote. Yanahesabu miaka tangu kufa kwa shujaa Himmel. Utakutana na maandishi hayo mara nyingi, na kila yanapojitokeza unajua kwamba marehemu bado ndiye anayeigawa hadithi, ingawa hayumo tena katika safari.

Miaka 20 baada ya kifo hicho Frieren anamtembelea Heiter, ambaye naye amezeeka na anamlea Fern, binti aliyeachwa yatima na vita. Hapa uandishi unaonyesha ujanja wake. Heiter anamwomba Frieren amfasirie kitabu kigumu cha uchawi, na pembeni, kama jambo dogo la kupitishia muda, amfundishe mtoto. Frieren anakishughulikia kitabu kwa miaka kadhaa akidhani ndilo ombi, kumbe ombi lilikuwa mtoto. Mzee yule alitaka afe akiwa na hakika kwamba Fern ana wa kumtegemea. Itazame picha katika sehemu hiyo. Fern anaanza akiwa kitoto kinachomtazama mwalimu wake kwa kuinua shingo, na polepole, bila mtu yeyote kulitaja jambo hilo, anakua hadi kumpita kimo. Frieren aliye kando yake habadiliki hata unywele. Mbuni wa wahusika, Reiko Nagasawa, amewachora wawili hawa kwa mistari michache na safi, kiasi kwamba badiliko dogo la urefu wa mtu linatosha kuwa simulizi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa sanamu. Katika kipindi cha pili Frieren na Fern wanafika kwenye kijiji ambako sanamu ya Himmel imesahauliwa na kuzingirwa na magugu. Wanaisafisha, na Frieren anaamua kutafuta maua ya buluu ya nchi alikozaliwa Himmel, maua yanayodhaniwa kuwa yametoweka, ili ayapande miguuni pa sanamu hiyo. Anatumia miezi mingi kwa ajili ya maua tu, hata Fern anaanza kuchoka. Hatimaye yanapatikana juu ya mnara wa kale, katika mojawapo ya mandhari zilizochorwa kwa uangalifu mkubwa zaidi katika msimu mzima. Wakati huo tunacheka kidogo kumbukumbu za Himmel, aliyependa kuchongewa sanamu na kubishana na mchongaji kuhusu pozi. Vipindi kadhaa baadaye tunaelezwa sababu aliyokuwa nayo: alijua kwamba Frieren angeishi baada yao wote, naye hakutaka awe mpweke katika wakati wao watakapokuwa wamekwisha kufa. Mzaha uleule, picha zilezile, lakini sasa kila sanamu iliyochakaa kando ya njia ina uzito. Hii ndiyo sababu nasema mandhari za anime hii hazikuchorwa kupamba.

Hata uchawi na vita vyake vimejengwa juu ya muda. Katika kipindi cha tatu wanakwenda kumkabili Qual, pepo aliyefungwa kwa miaka 80 kwa sababu uchawi wake wa kuua haukuwa na kinga. Anapofunguliwa anautumia tena kwa kujiamini, na Fern anauzuia kama mtu anayefunga mlango, kwa kuwa katika miaka hiyo 80 wanadamu wameuchunguza, wakabuni kinga yake, wakaufanya uwe shambulio la kawaida linalofundishwa kwa kila mchawi. Kwa dakika chache tumeelezwa historia nzima ya taaluma, tena ndani ya pambano, bila mhusika kusimama na kutoa hotuba ndefu.

Halafu yuko Aura, mmoja wa majemadari wa Mfalme wa Mapepo, katika kipindi cha 10. Silaha yake ni mizani inayopima nguvu za uchawi za watu wawili, na aliyepungukiwa anakuwa mtumwa wa mwenzake. Amekusanya nguvu kwa miaka 500 na haoni sababu ya kuogopa. Wachoraji wanazionyesha nguvu hizo kama mwanga unaofuka kuuzunguka mwili, na Frieren anaonekana na mwanga hafifu, kwa sababu amezificha nguvu zake maisha yake yote kama alivyofunzwa na mwalimu wake, Flamme. Anapozifungulia, picha inajaa, na mizani inalala upande wa pili. Ushindi huo umetokana na subira ya miaka 1,000, wala hakuna ngumi iliyorushwa.

Isidhaniwe kwamba wapenda mapambano wamenyimwa. Kipindi cha tisa, ambapo Stark, kijana mpiganaji anayesafiri na Frieren na Fern, anapambana na Linie huku Fern akimkabili Lügner, wote wawili mapepo walio chini ya Aura, kina mwendo wa kasi ambao Madhouse inasifika nao, na shoka la Stark lina uzito unaouhisi. Hata hivyo mimi huvutiwa zaidi na uhuishaji wa mambo madogo: Fern akivimbisha mashavu kwa hasira, Frieren akiburuzwa kutoka kitandani asubuhi, Stark akitetemeka mikono kabla ya kukutana na joka. Mambo hayo ni ghali kuyachora, na watengenezaji wengi huyaruka.

Kwa upande wa sauti, Atsumi Tanezaki anamsemea Frieren kwa sauti ya chini isiyopandapanda, hivi kwamba badiliko dogo linasikika mara moja, na muziki wa Evan Call unajua kunyamaza. Niseme neno hapa kwa sisi tuliokulia kwenye filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili na msimulizi asiyenyamaza: ninazipenda filamu hizo, lakini hii itazame kwa sauti ya Kijapani na usome tafsiri chini ya skrini. Ukimya wake ni sehemu ya mazungumzo.

Sasa kasoro. Kuanzia kipindi cha 18 hadithi inaingia katika mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, nao unaendelea hadi mwisho wa msimu. Ghafla tunapewa kundi kubwa la watahiniwa ambao majina yao utayachanganya, kanuni za mashindano zinahitaji kuelezwa, na muda ambao ulikuwa ukihesabiwa kwa miaka sasa unahesabiwa kwa saa. Picha bado ni safi, ila kazi yake imepungua. Zinaonyesha tu nani anampiga nani. Ningeipunguza sehemu hii kwa vipindi vitatu bila kusita.

Kinachoiokoa ni pambano la kipindi cha 26, ndani ya kaburi la kale, ambako wahusika wanakabiliwa na nakala za wao wenyewe, ikiwemo nakala ya Frieren. Fern ndiye anayejua udhaifu wa Frieren: kila anapotumia uchawi, kwa muda mfupi mno anaacha kuhisi nguvu za walio karibu naye. Amelijua hilo kwa kuishi naye, kusafiri naye na kumwangalia kila siku, yaani kwa kufanya kile ambacho Frieren alijilaumu mazikoni kwamba hakumfanyia Himmel. Rangi na mwanga wa pambano hilo vinashangaza, lakini hoja hiyo ndiyo iliyonifanya nilirudie.

Jambo jingine linalojadiliwa ni mapepo. Hadithi inashikilia kwamba mapepo hutumia lugha ya wanadamu kama mtego tu, na kwamba hata mtoto wao anayemlilia mama hajui mama ni nini. Msimamo huo hautetereki, nami nauheshimu kwa uthabiti wake, ingawa wapo watakaoona kwamba unarahisisha mno swali la uovu.

Kwa wazazi: wamo askari wasio na vichwa katika jeshi la Aura, na damu inamwagika, kwa hiyo nisingewaonyesha watoto wa shule ya msingi bila kukaa nao. Kila kipindi kina takriban dakika 24, na anime hii inapatikana kihalali kupitia Crunchyroll. Vipindi vinne vya kwanza vilirushwa Japani kwa pamoja, kama onyesho moja la saa mbili katika nafasi ya filamu ya Ijumaa ya kituo cha Nippon TV, na nakushauri uvitazame hivyo hivyo kwa mkao mmoja. Ukifika mwisho wa cha nne na bado unauliza vita vitaanza lini, iache; vipindi 24 vilivyobaki havitakubadilisha.