Kuongeza RAM kwenye kompyuta mpakato ya mwaka 2012: uzoefu wangu

Kompyuta yangu mpakato ni ThinkPad X230 ya mwaka 2012, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha tatu na RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka data inayotumika kwa sasa) ya gigabaiti 4 iliyokuwa imekaa katika sloti moja kati ya mbili. Kwa kuandika na kusoma nyaraka haikuwahi kunisumbua. Shida ilianza pale kazi iliponilazimu kufungua kivinjari chenye vichupo kumi na vitano, lahajedwali kubwa na mkutano wa video kwa wakati mmoja: kishale cha kipanya kiligota, herufi nilizopiga zilitokea baada ya sekunde kadhaa, na taa ya diski ikawaka bila kupumzika. Karibu kila niliyemweleza alinijibu kwamba niongeze RAM, nami nikashuku jibu linalotolewa haraka hivyo na mtu ambaye hajaiona mashine yenyewe.

Niliamua kupima kwanza. Katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa, RAM na diski, na wengi huishia kutazama asilimia ya RAM iliyotumika. Asilimia hiyo peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu mifumo endeshi ya sasa, kama Windows, hutumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, kisha huiachia mara tu programu nyingine inapoihitaji. Dalili ya upungufu wa kweli ni mfumo kuanza kuhamishia diskini data ambayo programu bado zinaitumia, na kuirudisha tena baada ya muda mfupi. RAM hufikiwa kwa muda unaohesabiwa kwa nanosekunde, lakini diski ya sumaku yenye sahani zinazozunguka, kama ile niliyokuwa nayo, huchukua milisekunde kadhaa kutafuta kila kipande cha data, na tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu adhani mashine imekufa.

Katika kupima huko niligundua jambo ambalo lingenitia hasara. Windows 10 niliyoikuta kwenye mashine ilikuwa ya biti 32, yaani toleo ambalo haliwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za RAM, na hata katika hizo sehemu fulani ilikuwa imetengwa kwa ajili ya vifaa vingine. Ningeongeza RAM siku ile, kipande kipya kisingenisaidia chochote. Prosesa yenyewe ni ya biti 64, kwa hiyo kikwazo kilikuwa mfumo endeshi tu. Kwa kuwa Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za umri huu, nilihifadhi mafaili yangu nje na kuweka mfumo endeshi mwingine, Linux Mint ya biti 64.

Nilifanya kazi zangu kwa wiki nzima nikiwa bado na gigabaiti 4, na kila jioni nikaandika amri ya "free -h" ili kuona RAM iliyosalia pamoja na kiasi kilichohamishiwa diskini. Siku za kuandika tu, kilichohamishwa kilikuwa karibu na sifuri. Siku za mikutano kilizidi gigabaiti moja na nusu. Hapo ndipo niliporidhika kwamba nina sababu ya kununua.

Kuchagua kipande sahihi kunahitaji umakini zaidi kuliko kukifunga. Mashine hii hutumia RAM ya aina ya DDR3 ya kompyuta mpakato, yenye pini 204. Ile ya kompyuta ya mezani ina pini 240 na ni ndefu zaidi, na DDR4 ya mpakato ina pini 260, hivyo hakuna kati ya hizo inayoweza kuingia. Voltiji nayo huwakanganya wengi: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5 na DDR3L hutumia 1.35. Kipande cha DDR3L kwa kawaida hukubali pia volti 1.5, lakini zipo mashine za baadaye zinazodai 1.35 pekee. Wenye kompyuta nyembamba wachunguze kwanza kama RAM yao haijachomelewa kwenye ubao mama (bao kuu la saketi), maana hapo hakuna cha kuongeza.

Nilinunua kipande kimoja cha gigabaiti 4. Nilizima mashine, nikaondoa betri, nikafungua skrubu za mfuniko wa chini na kukiingiza kwa mshazari. Nilipowasha, skrini ilibaki nyeusi na mlio ukasikika. Sikuwa nimekisukuma hadi mwisho kabla ya kukilaza chini ya vibano. Nilirudia, mashine ikatambua gigabaiti 8, na usiku huo nikaiacha ikipimwa na Memtest86+, programu ya kukagua RAM, ambayo haikuonyesha kosa lolote.

Mabadiliko yalikuwa dhahiri pale nilipoyatarajia. Mikutano ya video haigoti tena ninapohamia kwenye lahajedwali, na vichupo vya asubuhi hufunguka jioni bila kusubiriwa. Sloti zote mbili sasa hufanya kazi sambamba, jambo linaloisaidia pia sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa, kwa kuwa haina kumbukumbu yake yenyewe na hutegemea RAM. Hata hivyo, muda wa kuwaka ulibaki uleule wa karibu dakika mbili, na programu inayofunguliwa kwa mara ya kwanza bado ilijikokota. Uzito huo ulikuwa wa diski, nao uliondoka miezi miwili baadaye nilipoweka SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, ambayo kwenye mashine hii lazima iwe na unene wa milimita 7. Mtu ambaye vipimo vyake havionyeshi data ikihamishiwa diskini, na analalamikia kuwaka polepole tu, ningemwambia anunue SSD na kuiacha RAM ilivyo.

Jambo moja ningelifanya tofauti. X230 hukubali hadi gigabaiti 16, lakini sloti zangu zote mbili sasa zimejaa vipande vya gigabaiti 4, hivyo nikitaka kufika huko itanibidi niviondoe vyote viwili. Kipande cha gigabaiti 8 kingekaa vizuri kando ya kile cha zamani na kunipa 12, kisha kikaningojea nikipate mwenzake. Kwa sasa, hata siku za mikutano mirefu, "free -h" hunionyesha zaidi ya gigabaiti 2 zilizosalia.