Kioo cha Game Boy kimekufa: ununue kipi, na lini usinunue kabisa

Game Boy, kifaa cha mkononi cha michezo cha Nintendo, ikigoma kuonyesha picha, kabla hujatoa hela hakikisha kinachoumwa ni kioo kweli. Plastiki ya mbele ikichubuka, nunua plastiki hiyo peke yake, maana skrini iliyo chini yake ni kitu kingine. Game Gear, kifaa cha mkononi cha Sega, ikiwaka na picha hafifu na sauti ya kunong'ona, mara nyingi wakosaji ni kapasita (vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme) zilizovuja, na skrini mpya haitazifufua. Na Game Boy ya kwanza, ile ya 1989, ikikosa mistari ya wima, kwa kawaida utepe wa waya ulio chini ya kioo umeachia. Fundi hupitisha ncha ya chuma cha kulehemu, joto la wastani, polepole kwenye ukingo wa utepe huku kifaa kimewashwa, na utaona mistari ikirudi mmoja baada ya mwingine. Ukienda na joto kali, utepe unaungua na hakuna kurudi nyuma.

Ikithibitika kioo ndicho kimekufa, mimi naweka mbele ya vyote seti ya IPS, aina ya skrini ya kisasa yenye taa yake, ambayo skrini na lenzi (ile plastiki ya mbele) vimegandishwa pamoja kiwandani. Vumbi halipenyi katikati, na mwanga wake unatosha hata usiku. Lakini usinunue kwa kuangalia mwanga tu. Uliza idadi ya pikseli. Game Boy Advance huchora picha ya pikseli 240 kwa 160. Skrini ya 720 kwa 480 inaipa kila pikseli mraba wa tatu kwa tatu, hivyo picha inatulia. Hesabu isipogawanyika sawasawa, herufi moja hutoka nene na ya jirani nyembamba, na mandhari yakisogea kila kitu kinametameta vibaya. Muuzaji asiyetaja namba hizi, achana naye.

Kwa Advance kuna jambo jingine: soketi ya skrini ina pini 32 au 40, kutegemea toleo. Fungua uhesabu kwanza, au chagua seti inayokuja na tepe zote mbili. Chukua pia kasha lililotengenezwa kwa ajili ya IPS, maana la asili litakulazimu kukata plastiki kwa ndani. Na ujue kabisa kwamba betri zitaisha haraka kuliko ulivyozoea.

Nafasi ya pili naipa karatasi mpya ya polaraiza, utando mwembamba wa juu ya kioo unaochuja mwanga ili picha ionekane. Ni rahisi kuliko vyote na kioo cha asili kinabaki, ila inafaa pale tu doa limetokana na karatasi ya juu kuungua kwa jua au uzee. Weusi uliosambaa kama wino maana yake kioo chenyewe kimepasuka, karatasi haitasaidia. Kuibandua ya zamani na kusafisha gundi bila kuvunja kioo kunataka subira ya kweli.

Ya tatu ni skrini ya Advance SP toleo la AGS-101, lenye taa ya nyuma. Rangi zake napenda sana, lakini nyingi zinazouzwa zimeng'olewa kwenye vifaa vilivyotumika. Omba picha ikiwa imewashwa kwenye ukurasa mweupe, hapo ndipo madoa hujionyesha.

Mwisho kabisa naweka taa ya kupachika nyuma ya skrini ya Game Boy ya 1989. Lazima ubandue tabaka la nyuma linaloakisi mwanga, kioo ni chembamba, na ukishamaliza, vitu vinavyokimbia bado vitaacha kivuli nyuma yao.

Wenye PSP, kifaa cha mkononi cha Sony, kazi yenu ni nyepesi, skrini inachomekwa bila kulehemu. Angalieni namba ya modeli tu: ya 1000, 2000 na 3000 haziingiliani.

Agiza pamoja na bisibisi ya mabawa matatu, kwani ya kawaida huharibu vichwa vya skrubu za Nintendo. Na uiwashe skrini mpya kabla hujaibandua karatasi yake ya kinga, maana wauzaji wengi hawaipokei tena ikishabanduliwa.