Tathmini ya Cisco 1841 iliyotumika: RIP kwa ofisi tatu za Dar es Salaam

Nilinunua ruta tatu za Cisco 1841 (vifaa vinavyoelekeza data kati ya mitandao) zilizokwishatumika katika duka moja la Kariakoo, kwa ajili ya kuunganisha ofisi zetu za Kariakoo, Ubungo na Tegeta. Ni mashine ya zamani yenye bandari mbili tu za Ethaneti za megabiti 100, hivyo ile ya Ubungo, iliyo katikati na inayobeba viungo viwili vya faiba pamoja na mtandao wake wa ndani, ililazimika kuongezewa kadi ya bandari. Kwa kazi ya RIP toleo la 2, yaani utaratibu wa ruta kuambiana njia za mitandao, lile lililowekwa rasmi na hati ya viwango vya intaneti RFC 2453 mwaka 1998, nimeridhika nayo.

Usanidi ni mfupi. Ukishaingia kwa waya wa konsoli na kufika kwenye hali ya usanidi, unaandika router rip, kisha version 2, kisha network 10.0.0.0 na mtandao wa kila kiungo, na tangu hapo kila ruta huwapelekea majirani zake njia inazozijua kila baada ya sekunde 30.

Panapotaka umakini mkubwa ni amri ya no auto-summary, inayoizuia ruta kufupisha mitandao midogo kuwa tangazo moja la mtandao mkubwa, ambayo mara ya kwanza niliisahau. Ofisi zetu hutumia 10.10.1.0, 10.10.2.0 na 10.10.3.0, lakini viungo vya faiba viko katika anwani za 192.168, kwa hiyo Kariakoo na Tegeta kila moja ilitangaza kwamba mtandao wote wa 10.0.0.0 uko kwake, nayo ruta ya Ubungo ikaziona njia mbili zenye umbali sawa na kuzigawia data. Baadhi ya kompyuta zilifika, nyingine hazikufika, na taa zote zilikuwa za kijani. Nilipoandika amri hiyo kwenye ruta zote tatu na kusubiri njia za zamani zifutike, amri ya show ip route, inayoorodhesha njia ambazo ruta inazijua, ilionyesha kila mtandao mahali pake.

Niliongeza passive-interface kwenye bandari za ndani, ili matangazo yasiende kwenye kompyuta za wafanyakazi, na uthibitisho wa MD5 kwenye viungo, ili ruta ikubali matangazo ya majirani wenye ufunguo wa siri uleule tu.

RIP huhesabu ruta zinazopitwa, haipimi kasi. Tukiweka kiungo cha redio cha polepole moja kwa moja kutoka Kariakoo hadi Tegeta, itakichagua na kuiacha faiba inayopitia Ubungo. Tena, jirani akinyamaza bila bandari kuzimika, ruta husubiri sekunde 180 kabla ya kuihesabu njia kuwa mbovu, muda ambao kwa ofisi yenye wateja dirishani ni mrefu mno. Kikomo cha RIP cha hatua 15, yaani ruta zinazopitwa, hakitusumbui.

Anayenunua amwombe muuzaji aiwashe hapo hapo dukani na kuonyesha show version, amri inayoeleza mashine na programu yake, kwa sababu ruta iliyotumika huweza kuja na nywila ya mmiliki wa awali.