Darasa la jioni la Kiingereza, Area C, Dodoma

Kituo hiki kidogo cha Area C, kinachopokea zaidi watumishi wa umma wanaotoka kazini Mtumba, kinastahili sifa kwa namna kinavyofundisha vitenzi. Somo lililonivutia zaidi lilihusu kitenzi strengthen, ambalo mwalimu alilijenga juu ya tofauti tunayoijua wenyewe: Kiswahili hutenganisha kuimarisha na kuimarika kwa viambishi, ilhali Kiingereza hutumia kitenzi hichohicho, iwe Benki Kuu inaimarisha shilingi au shilingi inaimarika yenyewe. Kisha akakitofautisha na reinforce, ambacho kwa kawaida hudai kitu cha ziada kiingizwe, kama nondo ndani ya zege au askari wa nyongeza kikosini, na fortify, kinachotumika kwa ngome na vilevile kwa unga wa mahindi ulioongezwa virutubishi. Mifano hiyo inakaa akilini.

Matamshi, hata hivyo, yanapuuzwa mno. Konsonanti zilizorundikana katikati ya strengthen zilihitaji mazoezi, si kutajwa tu. Nakala za mazoezi nazo zimefifia. Kwa anayeandika barua na taarifa za ofisi ninakipendekeza bila kusita. Anayejiandaa kwa usaili wa ana kwa ana atafute kwingine.